Nusu ya Kidonge: Neno "Rasemiki" na Matumizi Yake



Jioni ya leo nitazungumzia neno moja la kemia oganiki: rasemiki. Darasani tunalipitia mbio, ilhali linamgusa moja kwa moja mtoto anayeoga na kuchota maji Ziwa Victoria.

Kuna molekuli zinazokuja jozi, moja ikiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Atomu ni zilezile na zimeungana kwa mpangilio uleule, lakini huwezi kuilaza moja juu ya nyingine zikalingana. Ukipitisha ndani yake mwanga unaotetema katika bapa moja, hii huuzungusha kulia na ile kushoto, kwa pembe sawa. Mchanganyiko wa hizo mbili, nusu kwa nusu, ndio rasemiki.

Jina lilitoka kwenye shada la zabibu kwa Kilatini, kwa kuwa asidi ya kwanza kuitwa hivyo ilipatikana kwenye masalia ya mvinyo. Mwaka 1848, jijini Paris, Louis Pasteur alizitazama fuwele za chumvi ya asidi hiyo kwa hadubini, akaona ziko za aina mbili zinazotazamana. Akazitenga kwa kibano, moja moja. Kila fungu likauzungusha mwanga upande wake. Alipozichanganya kwa uzito sawa, mzunguko ukatoweka.

Hapo wanafunzi wengi huteleza: hudhani kila kisichozungusha mwanga ni rasemiki. La hasha. Asidi hiyo ya Pasteur, yaani asidi tatariki, ina umbo la tatu, meso, ambamo nusu moja ya molekuli ni taswira ya nusu nyingine kwenye kioo. Hilo halizungushi mwanga, na hakuna kibano kitakachoweza kulitenga. Rasemiki ni sifa ya kundi. Molekuli moja haiwezi kuwa rasemiki.

Sasa tuje kwenye kichocho, ugonjwa wa minyoo unaomngoja yule mtoto majini. Dawa yake ni prazikwanteli, na kwa miongo mingi imetolewa ikiwa rasemiki. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600. Kati ya nusu zake mbili, ziitwazo R na S, umbo la R ndilo linaloua minyoo. Umbo la S haliiui kwa kiwango cha maana, tena ni chungu sana. Kwa hiyo, kwa hesabu ya kemia, kidonge kimoja kati ya hivyo viwili anakimeza bure. Watoto wadogo zaidi waliachwa nje ya kampeni za shuleni kwa miaka mingi, na ukubwa na uchungu wa kidonge vimechangia kuwafanya wawe wagumu kutibika.

Sisemi kila rasemiki itenganishwe. Mwili wenyewe hugeuza sehemu kubwa ya nusu tulivu ya ibuprofeni kuwa nusu inayofanya kazi. Thalidomaidi, dawa iliyolemaza watoto wakiwa tumboni, nayo hugeuka huku na huku ndani ya damu, hivyo kumpa mama mjamzito umbo moja pekee kusingemwokoa mwanawe. Ninachodai ni kwamba anayeandika "rasemiki" awajibike kueleza nusu ya pili inafanya nini mwilini.

Kwa prazikwanteli, kikwazo kilikuwa bei ya kutenganisha. Mwanakemia Matthew Todd na wenzake, wakiwa Sydney, waliweka kazi yao wazi mtandaoni ili yeyote achangie, na mwaka 2011 wakachapisha njia nafuu. Kitenganishi chao kilikuwa asidi iliyotokana na asidi tatariki, ileile ya Pasteur. Kwa juhudi nyingine, kampuni ya Merck na washirika wake walitengeneza aprazikwanteli, yenye umbo la R peke yake: kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka majini, kilichojaribiwa kwa watoto wa Kenya na Côte d'Ivoire. Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuikubali kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6.