Barafu ya Kibo na Mabonde ya Lyamkena

(Mazungumzo na kamati za maji na vikundi vya wakulima, Lyamkena, Makambako)



Swali la leo mlituuliza ninyi wenyewe: barafu ya Kilimanjaro ikiisha, je, chemchemi zetu nazo zitakauka? Tuliona si swali la kujibiwa haraka, kwa hiyo tuanzie kule mlimani.

Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Habari zake zilipofika London, msomi W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa kata kata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wachaga walioishi chini ya mlima wangeweza kumweleza, lakini nani aliwauliza?

Mwaka 2000 alikuja mtafiti wa namna nyingine, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Yeye na wenzake walipanda na mashine ya kutobolea, wakachimba mashimo sita kwenye barafu ya kileleni mpaka kugusa mwamba. Wakatoa vipande virefu vya barafu mfano wa nguzo, wakavisafirisha mpaka Ohio vikiwa bado vimeganda. Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu theluji huanguka tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hufunika vumbi la wakati wake. Walikuta tabaka moja la vumbi lenye unene wa sentimita 3 hivi, walilolikadiria kuwa la miaka 4,000 iliyopita. Waliona ni alama ya ukame mkubwa sana. Barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka 11,700.

Si wote waliokubali. Mwaka 2010 Georg Kaser na wenzake walisema barafu ile huenda imewahi kuisha na kurudi zaidi ya mara moja. Thompson alikadiria pia kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ila imebaki kidogo: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12, mwaka 2011 hazikufika 2. Tunawaambia haya ili mtu asije akasema wataalamu ni waongo. Walikosea tarehe, hawakukosea mwelekeo. Mwaka 2022 UNESCO ilisema itakuwa imekwisha ifikapo 2050.

Sasa tuseme juu ya ardhi. Barafu ikiwa nene hailali tu. Huteremka polepole kwa uzito wake, ikibeba mawe na kukwangua mwamba kama randa ya seremala. Inapoishia huacha matuta ya mawe. Katika Mlima Kenya, mwaka 1893, J. W. Gregory aliyaona matuta hayo mbali sana chini ya barafu ya siku zake, akatambua kwamba zamani ilishuka mpaka pale. Mwaka 2000 Timothy Shanahan na Marek Zreda walitangaza umri wa matuta ya Kenya na Kilimanjaro. Walipima aina ya klorini inayojijenga ndani ya jiwe linapopigwa na mionzi kutoka angani. Jiwe lililokaa wazi muda mrefu huwa nayo nyingi. Walikuta kwamba enzi kubwa ya mwisho ya barafu ilikuwa miaka 20,000 hivi iliyopita.

Bonde lililochongwa na barafu lina sakafu pana na kuta za wima, kama hori la ng'ombe. Bonde la Teleki huko Mlima Kenya liko hivyo. Sasa tazameni mabonde yetu tunakolima vinyungu. Barafu haikufika hapa. Hata Mtorwi kule Kipengere haufiki mita 3,000. Mabonde haya yamechongwa na mvua na mito, na kazi hiyo inaendelea. Korongo linalopanuka kila masika kando ya shamba lako ni ardhi inayoumbwa mbele ya macho yako.

Basi jibu letu ni hili: chemchemi za Lyamkena hazipati hata tone kutoka Kibo. Hata Wachaga wenyewe, maji yao mengi hutoka kwenye ukanda wa msitu. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, aliyeichunguza mimea ya mlima ule kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto unaokula msitu wa juu, ule unaonasa ukungu, ni hasara kubwa zaidi kwa maji kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Hapo ndipo penye hatari yetu pia: moto wa Septemba na Oktoba, vinyungu vinavyolimwa mpaka kwenye jicho la chemchemi, na mikaratusi mabondeni. Kuhusu mikaratusi tukiri kosa. Sisi wenyewe miaka ya nyuma tuligawa miche bila kuuliza itapandwa wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Kamba ya mita 60 tumekuja nayo. Baada ya chai tutateremka bondeni kupima, kamati kwa kamati. Wenye miti au vinyungu ndani ya kamba tutazungumza nao hukohuko, taratibu, na miche tuliyoigawa sisi tutakuwa wa kwanza kushika shoka.