Nakala Isiyofikiwa na Seva: Jinsi ya Kuchagua Mkakati wa Kulinda Data za Nyumbani

Anayenunua seva ya kuhifadhia data nyumbani huuliza kwanza ukubwa wa diski, kisha aina ya RAID ya kuzipangia. Suala la nakala rudufu huja mwisho, na wengi hulimaliza kwa kusema kwamba diski ziko mbili, moja ikifa nyingine ipo. Katika mada hii natetea msimamo kwamba suala hilo litangulie yote, na kwamba tulipime kwa kigezo kimoja kabla ya vingine: je, ipo nakala ambayo seva yenyewe, au yeyote aliyeiteka, hawezi kuifuta? Kama haipo, mengine yote tunayoyanunua yanapunguza usumbufu tu.

RAID ilielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kama njia ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili zifanye kazi kwa kasi na zisikwame moja inapoharibika. Kazi hiyo inaifanya vizuri hadi leo. Lakini diski pacha huandika kila badiliko papo hapo, na kosa nalo ni badiliko: folda ya picha za harusi ikifutwa saa tisa alasiri, imefutwa kwenye diski zote mbili saa tisa hiyohiyo. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu kupita kiasi huweza kuziunguza pamoja, na mwizi habagui diski, hubeba kasha zima. Wapo wanaojibu kwamba mifumo ya faili kama ZFS na Btrfs hutunza hali ya faili za jana na juzi, hivyo kilichofutwa hurudishwa kwa dakika chache. Ni kweli, na ningemshauri kila mwenye seva atumie uwezo huo. Hata hivyo, hali hizo za zamani zinakaa kwenye diski zilezile, na mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kuzifuta. Januari 2022 wadukuzi waliotumia programu hasidi ya DeadBolt walishambulia seva za QNAP zilizokuwa zimefunguliwa kwenye intaneti, nyingi zikiwa za nyumbani na za ofisi ndogo. Walizifunga faili kwa msimbo, wakageuza ukurasa wa kuingilia kuwa tangazo la kudai bitcoin 0.03. Katika tukio la namna hiyo, diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva usiku na mchana nayo iko mikononi mwa mshambuliaji.

Kanuni inayofundishwa sana ni ile ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Naiheshimu, ila mtu anaweza kuitimiza kwa hesabu na bado akapoteza kila kitu. Seva, diski ya nje iliyochomekwa na akaunti ya mtandaoni inayofuata kila badiliko ni nakala tatu, lakini nywila zote zikiwa ndani ya seva, anayeiteka seva anazifuta zote kwa mkupuo mmoja.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kulipia hifadhi ya mtandaoni kunatosha. Tufanye hesabu. Terabaiti 4 zikipandishwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, bila kusita hata kidogo, huchukua siku 37. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani; siku kama hizo, kuzishusha data zote ni ndoto. Na kituo cha data nacho huungua: moto kwenye kituo cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Machi 2021, uliteketeza jengo zima, na baadhi ya wateja walikuta nakala zao zilikuwa palepale. Kwa hiyo tutenganishe data kwanza. Filamu zinaweza kupakuliwa tena. Picha za familia, hati za kiwanja zilizoskaniwa na hesabu za biashara haziwezi. Kundi hili la pili likiwa gigabaiti 200, kwa kasi ileile linapanda kwa chini ya siku mbili. Hilo lipelekwe mtandaoni, kwenye huduma inayotunza matoleo ya zamani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nakala inayotegemea mtu kuchomeka diski kwa mkono husahaulika. Nakubali kabisa. Ndiyo maana napendekeza kompyuta ya pili, hata ikiwa kuukuu, nyumbani kwa ndugu anayeaminika, iwe ndiyo inayoingia kwenye seva kuvuta data kwa ratiba, huku seva haina ufunguo wowote wa kuingilia huko. Itunze matoleo ya miezi kadhaa, la sivyo itavuta faili zilizoharibika na kuzifunika zilizo nzima. Asiyeweza gharama hiyo anunue diski mbili za nje azipokezane, moja ikiwa daima nje ya nyumba, na data zake zifungwe kwa nywila.

Yote haya ni dhana tu hadi data zirudishwe. Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Walipogeukia nakala rudufu walikuta ghala tupu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma, iliyotengenezwa kwa sababu nyingine. Basi jaribio la kurudisha data lifanyike kwenye kompyuta nyingine, seva ikiwa imezimwa, kwani hapo ndipo itakapojulikana kama nywila ya kufungulia nakala imeandikwa mahali, au ilikuwa ndani ya seva ileile.