Uzi: Pasipoti yako ni haki, au ni hisani ya mkubwa?

Walioukosa mkutano wa Jumamosi wameniandikia wakitaka nilichosema kuhusu pasipoti. Nakiweka hapa kama nilivyokisema, nikitoa salamu na vicheko tu. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukianza kutaja huko chini nitakufuta, na tusilaumiane.

Haya, twende.

Kila msimu wa siasa kuna mtu atapanda jukwaani aseme, "Sisi ndio tuliowapatia pasipoti." Mpinzani wake atajibu, "Enzi zetu zilikuwa zinatoka haraka." Umati unapiga makofi pande zote mbili. Mimi nataka tusimame kwenye hilo neno "tuliwapatia", kwa sababu hapo ndipo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinasema kila raia anastahili kupata pasipoti ya Kenya na hati nyingine za utambulisho zinazotolewa na serikali kwa raia. Kinaendelea kusema kitu ambacho watu hawafiki kukisoma: pasipoti inaweza kunyimwa, kusimamishwa au kuchukuliwa tu kwa kufuata sheria ya Bunge, na sheria hiyo nayo lazima itimize masharti ya Kifungu cha 24, kile kinachoeleza haki inaweza kupunguzwa lini na kwa kiasi gani. Kifungu cha 39 kinasema kila mtu ana haki ya kutoka Kenya. Sasa niambie, mtu atatokaje na hana kitabu? Kwa hivyo afisa anayekalia faili lako bila sababu hakucheleweshei tu karatasi. Amekufungia mlango ambao Katiba imesema uwe wazi.

Mtu akidai alikupa pasipoti ni kama mkaanga samaki aseme amekupa samaki baada ya wewe kumlipa. Alifanya kazi yake, sawa, tunashukuru. Lakini samaki ni wako.

Tuje kwa ada, kwa maana hapo ndipo kelele huwa nyingi mtandaoni. Pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 ilikuwa shilingi 4,500. Sasa ni 7,500. Upande mmoja husema: kijitabu chenye chipu kina gharama, mashine zinazeeka, na anayesafiri ndiye anapaswa kulipia, si mama mboga ambaye hata uwanja wa ndege hajawahi kuingia. Hiyo hoja si ya kipumbavu, tusiidharau. Upande wa pili husema: huyo mama mboga ndiye mwanawe anatafuta kazi Qatar, na 7,500 ni faida yake ya wiki kadhaa. Hiyo pia ni kweli.

Msimamo wangu ni huu: ukinitoza bei ya huduma, nipe huduma yenye tarehe. Mwaka wa 2023 mrundiko wa maombi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wizara yenyewe ilikiri wazi: mashine za kuchapisha zilikuwa zimechakaa na vijitabu havikutosha. Watu walikuwa wameshalipa kupitia eCitizen, wameshapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, halafu kimya. Pesa yako imeingia siku hiyo hiyo, kitabu hakijulikani kitatoka lini. Tangu hapo mambo yamesonga, sitakataa. Lakini wanasiasa wakibishana kuhusu ada bila kutaja muda, jueni wanabishana nusu ya jambo.

Na pale ambapo tarehe haipo, broka ndiye kalenda. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipata barua ya kazi ya ulinzi Doha, mwajiri akampa siku za kuripoti. Aliomba pasipoti mapema, akangoja. Nje ya ofisi moja ya uhamiaji, ambayo sitaitaja, jamaa wa koti la ngozi alimwambia faili lake "limelala" na linahitaji kuamshwa. Bei ya kuamsha ilikuwa karibu mara mbili ya ada yenyewe. Hakuwa nayo. Pasipoti ilitoka wiki tatu baada ya nafasi kupewa mtu mwingine. Bado anayo, safi kabisa, haina hata muhuri mmoja. Siku hizi ni bodaboda.

Tukisikia ahadi za kazi majuu, na tunazisikia kila upande, swali la kwanza lisiwe ni nafasi ngapi. Liwe: huyu kijana ataondoka kabla nafasi haijafungwa?

Kuna kundi ambalo hata kwa broka hawafiki, kwa sababu safari yao inakwama kwenye kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna pasipoti. Kwa miaka mingi Wanubi wa Kibra, Wakenya Wasomali, na baadhi ya jamii za Pwani na za mipakani wamepitishwa kwenye kamati za kuchuja ambazo mtu wa Murang'a au Kisii hazijui. Unaulizwa babu yako alizaliwa wapi, leta mzee akushuhudie, rudi mwezi ujao. Wamakonde ilibidi watembee kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka wa 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba walingoja hadi 2023. Mapema mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kwamba uchujaji huo wa ziada umekwisha. Kuna waliosema ni haki iliyochelewa, kuna waliosema ni hatari kwa usalama wa mipaka. Mimi nasema hivi: usalama ni hoja halali, lakini ukaguzi unaotegemea jina lako la ukoo na si karatasi zako, huo si ukaguzi. Tangazo la jukwaani nalo si lazima lifike kwa karani wa kaunti ndogo. Kama uko Garissa, Wajir au Lamu, hebu tuandikieni huko chini mambo yakoje dirishani kwa kweli.

Kitu kingine. Mtu anasema "Afrika bila mipaka", na wewe unadhani unaweza kuvuka popote na kitambulisho. Uganda na Rwanda, ndiyo, tangu 2014. Tanzania bado inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Usiende Namanga ukiwa na hotuba mfukoni.

Sasa nitawatoa kwa siasa kidogo, maana kuna wanaosafiri mwezi huu na wameninong'oneza hapa.

Toa pasipoti yako uiangalie leo, usingoje wiki ya safari. Usisome tu tarehe ya mwisho ukafurahi kwamba bado iko. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita mbele. Zile za Ulaya zenye visa ya Schengen zinataka miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka kwao, kurasa mbili tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Pasipoti ya mtu mzima ni ya miaka kumi, kwa hivyo kwa hesabu za safari chukulia ni ya tisa na nusu. Atakayekurudisha wala si afisa wa kule ng'ambo. Ni yule dada wa kaunta ya ndege hapa hapa Nairobi, na hana ubaya na wewe: shirika likimbeba mtu mwenye hati mbovu, linalazimika kumrudisha kwa gharama yake na mara nyingi kupigwa faini juu.

Angalia majina pia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho kinasema Muhammad, tiketi ameandika binamu yako vile anavyosikia. Kwetu ni kitu cha kucheka, kwenye kompyuta ni watu watatu. Jina kwenye tiketi lifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Na kama vyeti vyenyewe vinapingana, rekebisha hivyo kwanza kabla ya kulipa ada, usije ukaomba pasipoti juu ya msingi uliopinda.

Wanaokwenda Ghuba, nisikilizeni vizuri hapa. Pasipoti ni mali ya serikali ya Kenya na wewe ndiwe uliyekabidhiwa. Mwajiri hana ruhusa ya kuikalia. Shirika la Kazi Duniani limeweka kuzuiliwa kwa hati za mtu miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa, na Saudia yenyewe inakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Najua, sheria ni karatasi na nyumba ya mtu ina geti. Ndiyo maana kabla ya kuondoka piga picha ukurasa wa mbele na wa visa, uwatumie watu wawili unaowaamini, na mmoja awe hapa nyumbani. Ukifika ubalozini bila kitabu, nakala hiyo ndiyo itaharakisha kukuthibitisha kuwa Mkenya na kukupa hati ya dharura ya kurudi. Na mgombea akikuahidi mikataba ya kazi na nchi za nje, muulize: humo ndani mmeandika nani anashika pasipoti, na mwajiri akiinyakua mtamfanya nini? Akianza kuzunguka, umepata jibu.

Swali lililoulizwa sana ukumbini lilikuwa: tufanye nini faili likilala? Kifungu cha 47 kinakupa haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka na wa haki, na kama unaumizwa na uamuzi huo, upewe sababu kwa maandishi. Kwa hivyo acha kuuliza kwa mdomo dirishani, hapo unajibiwa "rudi Jumatano". Andika. Weka nambari ya ombi lako, tarehe uliyolipa, tarehe uliyochukuliwa alama za vidole, na uulize mambo mawili tu: limekwama wapi, na kwa sababu gani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Wasipojibu, peleka nakala ya barua hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hailipishi kupokea malalamiko. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa; wakikataa kupiga muhuri, tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki kwenye rekodi.

Mwenye barua aliyoandika na jibu alilopata, aiweke hapa chini. Ziba nambari zako kwanza.