Salamu za Kiingereza



Kazi yetu sisi makarani ni barua na watu. Na kwa watu, kabla ya neno lo lote hutangulia salamu. Salamu ikikosewa, mwenye adabu huonekana hana. Kwa hiyo yafaa tuyatazame maneno machache.

Kwetu salamu ni kuulizana habari: za nyumbani, za watoto, za safari. Kiingereza si hivyo. Mtu uliyejulishwa kwake mara ya kwanza akisema "How do you do?", hakuulizi habari za homa yako, mrudishie maneno yale yale, basi. Lakini rafiki akisema "How are you?", mjibu "Very well, thank you", nawe umwulize hali yake.

"Good morning" yakoma saa sita mchana. Hapo yaingia "Good afternoon", na jioni "Good evening". "Good night" si neno la kukutana kamwe, ni la kuagana. Aingiaye kwa mtu usiku na kulisema ni kama apigaye hodi na kuaga papo hapo.

Katika kujulishana, mdogo hujulishwa kwa mkubwa, na mwanamume kwa mwanamke. Jina la mwenye kuheshimiwa hutangulia kutajwa.

"Good-bye" asili yake ni dua: Mungu awe nanyi. Basi haiko mbali na kwa heri yetu.

Twaomba wanachama wajizoeze haya wao kwa wao, wala wasiitupe shikamoo. Heshima ya wageni haiondoi heshima ya wazee wetu.

Kwa herini.