Funguo za Ukumbi wa Mtaa



Kila mjadala wa sanaa unapozuka hapa Nairobi, hakosi mtu wa kutuambia sisi wa Eastlands kwamba makumbusho yetu ni matatu. Eti ya nini uvuke mji mzima hadi Museum Hill, na hali nambari 58 ya Buruburu inakupitia mlangoni imechorwa kutoka bampa hadi bampa? Maneno matamu hayo. Mimi siyakubali.

Ustadi sibishani nao. Ingia gereji zinakoundwa nganya, matatu zilizorembwa, umwone kijana amejifunika pua, madirisha ameyabandika magazeti, anapuliza rangi kuchora uso wa mwanasoka. Anaanza na kivuli chini ya shavu. Halafu jicho. Jicho likishapata ile nukta ndogo nyeupe, uso mzima unageuka kukutazama. Lakini miaka miwili mitatu ikipita, mwenye gari anataka sura mpya, na uso ule unapigwa msasa. Kazi ya makumbusho ni kutunza. Matatu haitunzi kitu, hata abiria wake.

Mnakumbuka Februari 2004, sheria za matatu za marehemu waziri John Michuki zilipoanza kazi. Mikanda na vidhibiti mwendo viliokoa maisha, na kwa hilo nitamshukuru daima. Ila gari lilitakiwa liwe na mstari wa manjano ubavuni, na michoro ya miaka ya tisini ikafunikwa kwa rangi. Nani alifikiria kung'oa hata mlango mmoja akauweke? Miaka kumi baadaye, 2014, Rais Uhuru Kenyatta alisema michoro iruhusiwe tena. Ikaja mipya. Ile ya zamani ilikuwa imekwenda.

Na Makumbusho ya Taifa je? Wengi wetu tulifika huko kwa basi la shule, tumepangwa wawili wawili. Tukamwona Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta, sanamu yake imesimama uani. Tukaona nyoka. Picha za watu wa jamii za Kenya alizochora Joy Adamson tulizipita mbio, maana mwalimu alikuwa ameshaanza kuhesabu watoto. Kutoka Kayole leo ni matatu mbili kwenda, mbili kurudi, kisha kiingilio, kisha mtoto anataka chipsi. Nyumba mpya za sanaa nazo zimeelekea upande ule ule. Taasisi ya Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi anayesifika duniani, ni ya maana sana. Lakini ilifungua milango Rosslyn.

Sasa sikiliza kisa cha Mukuru. Pale Lunga Lunga, viwanda huku na mabati kule, Shabu Mwangi na wenzake waliunda kundi la Wajukuu Art Project, wakawa wanafundisha watoto wa mtaa kuchora. Mwaka 2022 wakaalikwa Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika mjini Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka 5. Wakaufunika mlango wa jumba kwa mabati, hivi kwamba Mjerumani aliyetaka kuingia alipita kwanza kwenye kichochoro cha giza, kama cha kwao Mukuru. Ndani, Ngugi Waweru aliweka kazi aliyoiunda kwa visu vikuukuu vilivyonolewa mpaka vikaisha, akiitegemeza juu ya methali ya Kikuyu isemayo kwamba kisu kikinolewa kupita kiasi humkata mwenyewe. Kundi likatunukiwa tuzo ya Arnold Bode.

Tulipiga makofi, na yalistahili. Lakini mama anayekatakata sukuma wiki kando ya njia pale Kaloleni, ambaye kisu chake kimebaki wembamba wa kidole, angeiona wapi kazi ile? Huyo ndiye angeisoma kabla hajaelezwa na mtu. Badala yake ilisomwa na wageni wenye vijitabu vya maelezo mkononi.

Na kuta tunazo. Mkoloni alipojenga mitaa hii aliweka kumbi ndani yake, kwa hesabu zake mwenyewe. Ukumbi wa Kaloleni ni wa miaka ya 1940, na siasa za uhuru zilivuma humo. Ziko nyingine Bahati, Jericho, Pumwani. Lakini kumbi za mitaa tunazijua: Jumapili ni kanisa, Jumamosi ni kamati ya harusi, Jumatatu mpaka Ijumaa ni kufuli. Ukiuliza funguo, mlinzi anamngoja afisa, afisa anangoja barua.

Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walikwenda wakakaa na kaunti, na kupitia shirika lao la Book Bunk wakakarabati maktaba za Kaloleni na Makadara. Haya ni matawi ya McMillan, maktaba ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Leo mtoto wa Kaloleni anafika kwenye rafu za vitabu kwa miguu, na kandambili zake. Kama maktaba imewezekana, ukumbi unashindikana vipi?

Muda nao hautungoji. Mtaa wa zamani wa Pangani ulivunjwa, maghorofa yakapanda, na mitaa mingine imo kwenye mipango ya kujengwa upya. Ramani ikichorwa, ukumbi usio na kazi hauna wa kuutetea.

Waheshimiwa wawakilishi wadi wa Makadara, Kamukunji na Embakasi, ombi langu kwenu halihitaji mfadhili. Ulizeni funguo za kumbi ziko kwa nani. Toeni ukumbi mmoja, kila kundi la wachoraji lipewe mwezi mmoja, na kiingilio kiwe bure. Nanyi wachoraji, kazi iliyoahidiwa Ulaya ipitisheni huku kabla haijafungwa kwenye makasha. Nawe msikilizaji, ukikuta mlango wa ukumbi uko wazi na picha ziko ukutani, ingia. Usingoje kualikwa, na usiulize kama umevaa vizuri.