Mkuu Naye Asikie

Msikilizaji, usalama wa ndege hauishii kwenye injini. Usiku wa Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, kwenda Nairobi. Muda mfupi baadaye ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 waliokuwamo walifariki.

Wachunguzi hawakulaumu ubovu wa mitambo. Walieleza kwamba rubani mkuu, mwenye miaka 52, alikuwa mtu wa kuamrisha, na msaidizi wake, kijana wa miaka 23, alikuwa mnyenyekevu. Ndege ilielemea kulia polepole gizani, mtambo wa kujiendesha haujawashwa, na hakuna aliyefuatilia vipimo.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni malezi mema. Lakini kazini, mkuu asiyesikia la mdogo huwaangamiza wengi. Baada ya ajali ya ndege kisiwani Tenerife ya mwaka 1977, iliyoua watu 583, dunia ilianza kuwafundisha marubani jambo hilo: mdogo aseme waziwazi, mkubwa asikilize.

Somo hili linatuhusu hata sisi tunaoshuka milima ya Upare kwa gari kutoka Myamba. Kondakta akihofia breki, aseme. Dereva asimkaripie, asimamishe gari akague. Na tajiri asimfukuze kazi aliyechelewesha safari kwa sababu ya usalama. Heshima ya kweli kwa mkubwa ni kumwambia ukweli mapema, abiria wakiwa bado hai.