Springi Ngumu, Springi Laini



Kuna imani moja niliyoikuta Nairobi, nikaikuta Dar es Salaam, nikaikuta Goma, na sasa nimeikuta katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Imani hiyo husema kwamba gari likiinama nyuma, likiyumba kwenye kona au likigonga kila shimo, dawa yake ni springi ngumu zaidi. Fundi huulizwa, "Una springi nzito?" Naye, kwa kuwa ni mfanyabiashara, hujibu kwamba anazo. Katika mazungumzo ya leo nataka kuipinga imani hiyo, si yote, bali sehemu yake kubwa. Kwani wapo watu wanaolipa fedha nyingi kununua starehe na usalama, wakarudi nyumbani bila hili wala lile.

Highview ni mtaa ulioko kusini-mashariki mwa mji wa Louisville. Mpaka serikali ya mji huo ilipounganishwa na ile ya wilaya ya Jefferson mwaka 2003, mtaa huu ulihesabiwa kuwa nje ya mji. Barabara kuu inayouzunguka mji, iitwayo Gene Snyder, inapita hapo, na si mbali sana kipo kiwanda cha magari cha Ford kilichofunguliwa mwaka 1955. Louisville imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na Kiswahili hakisikiki tena kama jambo la ajabu madukani. Wengi wa watu hawa hufanya kazi za usiku: viwandani, maghalani, na katika kituo kikuu cha kampuni ya UPS kwenye uwanja wa ndege, ambako vifurushi hupangwa usiku kucha. Kwa kuwa mabasi ya umma saa hizo ni machache, mwenye gari kubwa ndiye anayegeuka kuwa basi la wenzake.

Mmoja wao, mtu wa Uvira aliyenikaribisha kwake, ana gari la familia lenye viti saba. Kila jioni hubeba wenzake sita, na kila mmoja ana mfuko wake wa chakula na viatu vya kazi. Gari limeinama nyuma hata taa za mbele zinamulika matawi ya miti. Likipita kwenye maungio ya zege barabarani, hupanda na kushuka kama ngalawa. Aliniuliza: "Kaka, nimeambiwa niweke springi za kubebea mzigo. Wewe unaonaje?"

Swali lake ni zuri, na jibu lake haliwezi kutolewa kabla ya kujua springi imewekwa hapo kwa kazi gani. Kazi yake ya kwanza ni kubeba uzito wa gari. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni kuliacha gurudumu lipande na kushuka kufuata barabara huku bodi ikibaki imetulia. Tairi lisilogusa lami haliwezi kufunga breki, wala kukata kona, wala kusukuma gari. Kwa hiyo springi si kifaa cha starehe tu. Ndiyo inayoliweka tairi ardhini.

Lakini springi haijui kunyamaza. Ukiibana, itarudi juu, kisha chini, kisha juu tena. Anayeituliza ni kifyonza mshtuko, ambacho mafundi wetu hukiita shokapu. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na ile nguvu ya springi hugeuzwa kuwa joto. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Gari linalonesanesa baada ya kila tuta, mara nyingi limechoka shokapu, na kulibadilishia springi ni sawa na kumtibu mgonjwa wa macho kwa kumng'oa jino. Tena springi ngumu huhitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuituliza. Ukiweka springi mpya nzito juu ya shokapu kuukuu, umeiongeza kelele na kumdhoofisha mnyamazishaji.

Hebu tutaje hesabu kidogo, wala msiogope. Gari la kawaida la abiria hutengenezwa ili bodi yake, ikiguswa, ipande na kushuka kama mara 60 hadi 90 kwa dakika. Mwendo huo mwili wa binadamu huuvumilia vizuri. Ukiongeza ugumu wa springi, idadi hiyo hupanda, na safari huanza kuumiza kiuno na shingo. Na ugumu huongezeka upesi kuliko macho yanavyodhani. Springi ya koili iliyosokotwa kwa waya wa milimita 12, ikibadilishwa kwa nyingine ya umbo lilelile lakini waya wa milimita 13, ugumu wake huongezeka kwa karibu asilimia 38. Milimita moja tu! Vijana wa mjini nao hukata mzunguko mmoja kwa msumeno ili gari likae chini kwa madaha. Springi iliyokuwa na mizunguko sita inayofanya kazi, ikibaki na mitano, huwa fupi na wakati huohuo huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, huku nafasi ya gurudumu kupanda ikiwa imepungua.

Sasa turudi kwa yule ndugu wa Uvira. Tuseme ameweka springi za mzigo nyuma. Jioni, akiwa na watu saba, gari litakaa sawa, naye atafurahi. Je, asubuhi, wenzake wakishashuka, akirudi peke yake na mvua inanyesha? Nyuma ni gumu na halina uzito. Magurudumu yatadundadunda badala ya kufuata barabara. Na kuna la hatari zaidi. Gari linapokata kona, uzito huhamia upande wa nje, na ule upande wa mbele au wa nyuma ulio mgumu zaidi ndio unaobeba sehemu kubwa ya uhamisho huo. Ukiufanya mwisho wa nyuma kuwa mgumu bila kugusa mbele, matairi ya nyuma ndiyo yatakayoanza kuteleza. Mbele kukiteleza kwanza, dereva wa kawaida hupunguza mwendo na kunusurika. Nyuma kukiteleza kwanza, gari hugeuka kuelekea lilikotoka, na ni madereva wachache wajuao la kufanya. Siku kavu hakuna atakayeligundua hilo. Dereva atasema gari limekuwa imara.

Uhusiano huu wa mbele na nyuma haukugunduliwa jana. Katika miaka ya 1930, mhandisi Mwingereza Maurice Olley, aliyekuwa akifanya kazi Cadillac, alitengeneza gari la majaribio ambalo uzito wake uliweza kuhamishwa huku na huku. Magari ya zamani yalikuwa na springi ngumu mbele na laini nyuma, na abiria walitikiswa kama mahindi kwenye ungo. Olley alionyesha kwamba mbele kunapaswa kuwa laini kuliko nyuma kwa kiasi. Gurudumu la mbele hugonga tuta kwanza. La nyuma hugonga baadaye kidogo, hivyo nyuma ikipanda na kushuka haraka kidogo, huiwahi mbele, na gari lote hupanda na kushuka pamoja badala ya kutikisa kichwa. Magari ya kampuni ya General Motors ya mwaka 1934 yalitoka yakiwa na magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Zingatieni neno "kwa kiasi". Springi za mzigo hukivuka kiasi hicho.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na mwalimu wetu wa somo hili. Wazee wanaolikumbuka Peugeot 404 wanajua jinsi lilivyokuwa laini, na hata hivyo Bert Shankland wa Tanzania alishinda nalo mbio za Safari mwaka 1966 na tena 1967, katika barabara za vumbi na tope. Ndugu yake, Peugeot 504 la keria ndefu lililobeba abiria kati ya miji ya Kenya, lilikuwa na springi nne za koili nyuma, mbili kila upande, badala ya mbili nene. Siri yake ilikuwa springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, zikitulizwa na shokapu nzuri. Ulaini na uimara viliishi nyumba moja. Sioni ni kwa nini tuliusahau ushahidi huo tukaanza kuziongezea Probox springi za nyuma kana kwamba ni malori.

Mtindo mwingine ni wa kunyanyua gari kwa spesa, yaani vipande vya mpira au chuma vinavyowekwa juu ya springi. Spesa haiongezi nguvu ya kubeba hata kilo moja. Huinua tu bodi, ikapandisha kitovu cha uzito, ikabadilisha pembe za magurudumu na za vyuma vinavyoyazungusha. Kwa barabara ya mawe kijijini, kunyanyua kidogo kunaweza kueleweka. Kwa barabara kuu ni kutafuta kupinduka.

Na juu ya kupinduka, Louisville yenyewe ina historia isiyosahaulika. Mwaka 1990 kiwanda nilichokitaja kilianza kutengeneza gari la Ford Explorer, refu kwenda juu, lenye springi za mabamba nyuma. Nyaraka zilizofichuliwa miaka ya baadaye zilionyesha kwamba majaribio ya awali yaliwatia wahandisi wasiwasi kuhusu uthabiti wake kwenye kona kali. Badala ya kulipanua gari, walirekebisha springi na kupendekeza matairi yajazwe upepo wa pauni 26 tu. Upepo mdogo hulainisha safari, lakini tairi huchemka zaidi. Mwezi Agosti mwaka 2000, Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, baada ya kubainika kwamba ngozi ya nje ilikuwa ikibanduka mwendoni na magari yakipinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo nchini Marekani vilizidi 200. Ford ililaumu tairi, Firestone ikalaumu gari, na Mei 2001 Firestone ikauvunja uhusiano wa kibiashara uliodumu karibu karne moja. Kwa njia, mwasisi wa Firestone aliwahi kufanya kazi Columbus, Ohio, katika kiwanda cha magari ya kukokotwa na farasi, kabla ya kuanzisha kampuni yake mwaka 1900. Explorer la mwaka 2002 lilikuja likiwa pana zaidi, na springi za koili nyuma, kila gurudumu likijitegemea. Kampuni yenye wahandisi maelfu ilihitaji gari jipya ili kulitatua tatizo hilo. Gereji ya mtaani haiwezi kulitatua kwa springi mbili.

Basi nilimwambia nini mwenyeji wangu? Nilimwomba afungue mlango wa dereva asome kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo. Magari ya Marekani ya miaka ya karibuni huandikwa hapo uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa. Lake lilisema pauni 1,150, yaani kama kilo 520. Watu saba wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 525, kabla hujaweka mfuko hata mmoja. Springi nzito haziigeuzi namba hiyo, kwa sababu breki, matairi na beringi ni vilevile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yule wa saba ni shemeji yake. Hilo ni suala la familia, na sikuliingilia.

Tulipima pia kimo, kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa tupu mahali tambarare. Upande wa kushoto nyuma ulikuwa chini kuliko wa kulia. Fundi alipolinyanyua, springi hiyo ilionekana imekatika kwenye mzunguko wa chini kabisa. Alinunua springi mbili za nyuma za kiwango kilekile cha kiwandani, kwani hubadilishwa kwa jozi, pamoja na shokapu mbili mpya, kisha magurudumu yakapimwa pembe zake upya. Kwa mtu ambaye kweli hubeba mzigo leo na kesho hana, ipo mifuko ya upepo inayoingizwa ndani ya koili na kujazwa au kupunguzwa kadiri ya haja. Nayo pia haikiongezi kile kilichoandikwa mlangoni. Kazi ya kutoa springi msiifanye nyumbani kwa kamba na jeki. Koili iliyobanwa ikiponyoka huua.

Kilichoikata springi ile ni chumvi. Katika miji hii ya baridi, chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo huingia katika kikombe kinachoishika springi kwa chini, ikakaa na maji, ikakila chuma mahali ambapo rangi imekwaruzika. Buffalo, ambako theluji ya ziwani huanguka kwa wingi, hali ni mbaya zaidi. Ajabu ni kwamba katika mji huohuo ndiko kiwanda cha Houde kilikotengeneza shokapu za mafuta za Ford Model A, gari lililotoka mwisho wa mwaka 1927. Ndugu zetu wanaonunua magari yaliyotumika huko ili kuyapeleka Bujumbura au Bukavu wasiridhike na bodi inayong'aa. Gari linyanyuliwe hadi magurudumu yaning'inie, na mzunguko wa chini wa kila springi usuguliwe kwa brashi ya waya na kumulikwa kwa tochi pande zote.